Majina ya mashamba ya Ayalandi hayakuuawa na ramani

Mkulima wa kaunti ya Meath, kaskazini magharibi mwa Dublin, mwenye vipande kumi na viwili vya ardhi hawezi kumwambia mwanawe "ng'ombe wako shambani, kawatoe." Shamba lipi? Vipande vyote ni vya majani, vyote vimezungushiwa ua wa miti ya miiba, na mgeni hawezi kuvitofautisha. Ndiyo maana kila kimoja kina jina lake: la Kisima, la Tanuri, la Ndama, Kubwa, la Mbele ya Nyumba. Kijana akisikia jina anajua apite lango lipi na avae viatu gani. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya jina la shamba. Historia, fahari ya kwao na ushairi vilikuja kupanda mgongoni mwa kazi hiyo.

Naanza na kazi kwa makusudi, kwa sababu mjadala wa majina ya mashambani Ayalandi umezoea kuanza na kidonda. Simulizi yenyewe inajulikana. Waayalandi walikuwa na majina yao kwa lugha yao. Karne ya 19 wakaja askari wapima ramani wa Uingereza, wakayaandika kwa masikio ya Kiingereza, majina yakafa. Ukweli umo ndani ya simulizi hiyo, na unauma. Lakini imemkamata mshukiwa mmoja na kuwaachia wengine watembee. Majina waliyoyashika wale askari yapo hadi leo, yamechubuka lakini yapo. Yanayopotea ni yale ambayo hawakuyagusa kabisa.

Inabidi kutenganisha vitu viwili. Cha kwanza ni kile ambacho Kiayalandi hukiita baile fearainn. Ni mgawanyo mdogo kabisa wa ardhi wenye mpaka rasmi, mdogo kuliko parokia, na nitauita kitongoji ingawa kingine hakina hata nyumba moja. Kisiwa kizima kina vitongoji zaidi ya 60,000. Cha pili ni shamba lenyewe, kipande chenye ua na lango ndani ya kitongoji. Kitongoji kina karatasi serikalini. Jina la shamba halina karatasi popote, lina midomo ya watu tu.

Vitongoji vinatofautiana ukubwa kwa namna inayochekesha. Kidogo kuliko vyote, katika kaunti ya Tyrone, hakifiki ekari moja. Ni uwanja wa kanisa la kale na kinaitwa hivyo hivyo. Miongoni mwa vikubwa kabisa ni Sheskin, kaunti ya Mayo, zaidi ya ekari 7,000. Sheskin ni seisceann, kinamasi. Nani angehangaika kukata kinamasi vipande na kukipa kila kipande jina? Penye udongo mzuri watu walibanana, wakagawana, wakahesabiana, na majina yakasongamana. Penye tope na mlima jina moja lilitosha kufunika upeo wa macho. Wingi wa majina unakuonyesha rutuba kabla hujaona udongo.

Tena majina mengi yanayosikika kama mashairi ya maumbile yalikuwa hesabu. Ceathrú ni robo, na imezaa vitongoji vingi vinavyoanza na Carrow. Robo ya nini? Ya eneo kubwa zaidi lililotumika kupanga nani amlishe nani, nani atoe ng'ombe wangapi kwa mtawala wa ukoo. Ulster, jimbo la kaskazini, walihesabu kwa baile bó, ardhi ya ng'ombe; Fermanagh na Monaghan walikuwa na kipimo chao, tate. Kwa hiyo Mwingereza hakuwa wa kwanza kuyatumia majina haya kukusanya mapato. Alikuta mfumo wa kodi unaofanya kazi, akaukalia. Nasema hivi nikijua kuna watakaonuna, maana kuna mapenzi fulani kwa picha ya Ayalandi ya kale ambako kila jina ni mti, ndege au mtakatifu.

Miti na watakatifu wamo, bila shaka. Doire ni msitu wa mialoni na ndiyo Derry ya mahali pengi. Cluain ni mbuga ya majani, nayo imekuwa Clon au Cloon. Clonmel, mji wa Tipperary, ni mbuga ya asali. Gort ni shamba la kulima. Páirc ni shamba lenye ua, na Parknasilla ya Kerry ni shamba la mierebi. Ukishajua maneno thelathini hivi unaweza kuendesha gari nusu ya nchi ukisoma vibao na kuona nchi nyingine chini ya ile iliyo mbele ya kioo, yenye misitu ambayo sasa haipo na mabwawa yaliyokaushwa. Upande wa mashariki utakutana na tabaka jingine: majina yenye mkia wa Kiingereza wa "mji" uliofungwa kwenye jina la ukoo, kama Painestown na Dardistown. Hao ni wazao wa Wanormani walioingia kuanzia 1169 na kuacha majina ya koo zao juu ya ardhi hata pale ambapo koo zenyewe zilishahama au kumezwa.

Turudi kwa mshukiwa. Mwaka 1824 kamati ya Bunge la Uingereza ilipendekeza Ayalandi yote ipimwe. Sababu ilikuwa kodi ya kaunti, iliyotozwa kwa kitongoji wakati hakuna aliyejua kwa hakika kitongoji kimoja kina ekari ngapi. Wanyonge walilipia ardhi ambayo hawakuwa nayo. Kazi akapewa Kanali Thomas Colby, mkuu wa idara ya jeshi iitwayo Ordnance Survey, kwa kipimo cha inchi sita kwa kila maili. Kabla ya wapimaji, timu ya Richard Griffith ilizunguka mipaka ikiongozwa na mtu wa eneo hilo hilo aliyejua kijito kipi na mtaro upi unatenganisha kwa nani na kwa nani. Hakuna jeneza bila wabebaji, nasi tusisahau kwamba mipaka ile ilionyeshwa na wenyeji kwa vidole vyao.

Majina yalifuata. Askari walikusanya kila tahajia waliyoikuta: ya hati za mwenye ardhi, ya padri, ya mchungaji wa Kiprotestanti, ya mtoza ushuru. Vyote viliingia kwenye madaftari ya majina. Kisha akaja John O'Donovan, mtoto wa mkulima wa Kilkenny, aliyeajiriwa mwaka 1830. Alizunguka kaunti baada ya kaunti, mara nyingi kwa miguu na mvua ikimpiga, akiwasikiliza wazee wanavyotamka, akirudi usiku kuandika barua kwa makao makuu. Barua zile zimehifadhiwa na ni hazina. Ana kiburi, ana utani, anagombana na wenyeji juu ya mizimu na mababu. Kazi yake ilikuwa kuamua tahajia moja ya Kiingereza kwa kila jina, iliyo karibu kadiri inavyowezekana na Kiayalandi chake. Lakini pembeni, daftarini, aliandika na umbo la Kiayalandi. Bosi wake Thomas Larcom, Mwingereza, aliwahi kuchukua masomo ya lugha kutoka kwake.

Je, alikuwa msaliti au mwokozi? Swali hili limepotezea watu muda mwingi. Kwanza, majina hayakuanza kuvaa Kiingereza mikononi mwake. Mengi yalivishwa kabla yake, hasa miaka ya 1650, William Petty alipopima ardhi iliyonyang'anywa Wakatoliki ili igawiwe askari wa Oliver Cromwell, Mwingereza aliyeiteka Ayalandi, na waliowakopesha fedha. Huko ndiko nguo za Kiingereza zilikoshonwa, kwa haraka na kwa jeuri, na watu wasiojua lugha. O'Donovan alikuta karne mbili za tahajia zilizotapakaa na akajaribu kuzirudisha karibu na ulimi wa mzee aliyeketi mbele yake. Pili, bila madaftari yale, Tume ya Majina ya Mahali iliyoundwa na serikali huru mwaka 1946 ingekuwa inapapasa gizani. Wataalamu wa Dublin wakitafuta umbo la Kiayalandi la kitongoji fulani hadi leo, moja ya ushahidi wa kwanza wanaoufungua ni mwandiko wake.

Hasara ipo na siifuti. Cill ni kanisa, coill ni msitu, na Kiingereza kimevisaga vyote viwili kuwa Kil. Kilmore moja ni kanisa kubwa, Kilmore nyingine ni msitu mkubwa, na kibao hakikwambii. Killeen inaweza kuwa kijisitu, inaweza kuwa kanisa dogo, na inaweza kuwa kitu cha kuhuzunisha zaidi: cillín, mahali walipozikwa watoto wachanga waliokufa bila ubatizo, kwa kuwa Kanisa halikuwaruhusu makaburi yaliyobarikiwa. Desturi hiyo iliendelea hadi ndani ya karne ya 20. Tofauti ya maana hapo ni nzito, na ramani imeikanyaga. Hata makao makuu ya upimaji yalikuwa Phoenix Park, Dublin, bustani ambayo jina lake halihusiani na ndege wa hadithi. Ni fionn uisce, maji safi, lililopindishwa hadi likaota mabawa.

Lakini tazama kilichofuata. Ramani zilikamilika mwaka 1846, na kila kitongoji kikapata tahajia yake, mpaka wake, idadi ya ekari zake. Griffith akatumia hizo hizo kuthamini ardhi ya nchi nzima hadi 1864. Sensa ikazitumia, mahakama ikazitumia, hati za kununulia ardhi baada ya sheria ya mwaka 1903 zikazitumia. Kitongoji kilichokuwa na wakazi mia nne kabla ya njaa kuu ya miaka ya 1840 na hakina hata mmoja leo bado kina jina, kwa sababu lipo kwenye hati. Mkono uliolichubua jina ndio uliolitia kwenye sanduku la chuma.

Mashamba hayakupata sanduku. Ramani za inchi sita hazikuandika majina yake. Zile za kipimo kikubwa zilizofuata zilichora ua mmoja mmoja na kuandika ekari kwa ustadi wa ajabu, bila jina. Serikali ya wakati huo ilitaka kujua ukubwa. Mwenye shamba analiitaje, haikuwa shida yake. Na hapa ndipo utajiri ulipo, kwa maoni yangu kuliko kwenye vitongoji, maana jina la shamba ni changa, la karibu, na halikupangwa na mtawala yeyote.

Shamba la Tanuri lilikuwa na tanuri la kuchomea mawe ya chokaa, ambayo unga wake ulimwagwa kwenye udongo mchachu. Tanuri limebomoka, mawe yameota magugu, jina linaendelea kukwambia kwamba hapa watu waliwahi kutengeneza udongo wao wenyewe. Shamba la Kitani, hasa kaskazini, lina shimo la maji mahali ambapo mabua yalilowekwa hadi yaoze na nyuzi zitoke, kwa harufu ambayo wazee waliieleza kwa kubana pua. Shamba la Mhunzi liko kando ya barabara na karibu na maji, kama ilivyopasa. Shamba la Boma lina duara la tuta la udongo, makazi ya wakulima wa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Maduara hayo yamehesabiwa yapata 45,000 nchini kote. Yamesalia mengi hivyo kwa sababu watu waliamini yana wenyewe, wale wa vilimani ambao sisi tungewaita majini, na hakuna mwenye akili timamu aliyepitisha jembe juu yao. Carraig an Aifrinn ni jiwe la misa, kumbukumbu ya sheria za kuwabana Wakatoliki, zilizoanza kutungwa miaka ya 1690, zilizofanya padri aendeshe misa porini na waumini wake.

Kuna pia utani wa wakulima, ambao vitabu vya historia havina nafasi nao. Kipande cha mbali kabisa, cha kuchosha kukifikia, huitwa Botany Bay, kwa jina la ghuba ya Australia lililokuwa tisho la kila Mwayalandi aliyehukumiwa kuhamishwa. Majani ya kando ya barabara huitwa Ekari Ndefu. Asiye na ardhi ya kutosha huwalisha ng'ombe wake hapo na kusema wako kwenye Ekari Ndefu kama vile anayo hati yake. Halafu kuna mashamba yenye jina la mtu: shamba la fulani, la mjane fulani. Huyo ni mpangaji aliyekuwa na nyumba pale. Njaa kuu iliyoanza 1845 iliua watu wapatao milioni moja na kuwasukuma wengine milioni moja kwenye meli. Familia ikaondoka, kuta zikabebwa kujengea zizi, jirani akaongeza ile ardhi kwenye yake. Jua likiwa chini jioni utaona matuta ya viazi bado yamelala chini ya majani. Jina la ukoo lililosahauliwa na rejista ya parokia limebaki langoni mwa mtu asiye na undugu nao.

Kwa nini basi yanakufa? Sababu ni trekta, ruzuku na uzee. Ayalandi iliingia Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya mwaka 1973, na kilimo kikaanza kulipa kwa ukubwa. Mashine pana haipiti lango lililopimwa kwa mkokoteni wa farasi. Ua uling'olewa, vipande vitatu vikawa kimoja, na majina matatu hayawezi kukaa ndani ya ua mmoja. Kisha ikaja picha ya setilaiti. Kila kipande kinachoombewa fedha za Umoja wa Ulaya kina namba, na mkulima akiongea na ofisi anaongea kwa namba. Anayekuja kukata majani ni mkandarasi mwenye simu inayomwelekeza. Haulizi jina, anatumiwa nukta kwenye skrini. Mwana wa mkulima yuko Dublin au Sydney. Yule kijana tuliyeanza naye, wa kutumwa lango fulani, hayupo, na jina limekosa wa kuambiwa.

Hapo hakuna askari wala kabaila. Wakulima wenyewe ndio waliong'oa ua, kwenye ardhi ambayo babu zao walipigania iwe yao. Nadhani ndiyo sababu simulizi ya ramani inapendwa zaidi: ni rahisi kumshtaki Kanali Colby kuliko kumshtaki mjomba.

Juhudi za kuokoa zipo. Mwaka 1937 na 1938 Tume ya Hadithi za Jadi iliwatuma watoto wa shule zaidi ya 50,000, kutoka shule zipatazo 5,000, wakawahoji wazee wao na kuandika madaftarini; majina ya mashamba yamo mengi. Katika karne hii Meath ilianzisha mradi wa watu wa kujitolea, wakaenda nyumba kwa nyumba na ramani mezani wakiuliza "hili mnaliitaje?" wakakusanya makumi ya maelfu ya majina. Louth na Kilkenny nazo zimefanya vivyo hivyo. Visiwani Aran na huko Connemara, pwani ya magharibi, Tim Robinson, Mwingereza aliyehamia Aran mwaka 1972, alichora ramani kwa kutembea na kuuliza, akirudisha majina kwenye kila mwamba na kila garraí, kishamba cha viazi kilichozungushiwa mawe.

Nawavulia kofia wote. Ila daftari la makumbusho ni mahali pa kuhifadhi tu. Pia kuna hatari moja ya kukusanya: kila mzee huja na hadithi ya asili. Waayalandi wana utanzu mzima wa fasihi kwa ajili hiyo, dinnseanchas, unaoeleza mahali palipataje jina. Karibu na Armagh kuna Emain Macha, na hadithi inasema Macha alilazimishwa akiwa mjamzito kushindana mbio na farasi wa mfalme, akashinda, akajifungua mapacha pale pale na kuwalaani wanaume wa Ulster. Mwanaisimu ataitazama hadithi hiyo kwa jicho la pembeni, na ana haki. Lakini hadithi ya uongo kuhusu jina ni ushahidi wa kweli kuhusu watu walioisimulia, na mradi mzuri huandika vyote viwili bila kuvichanganya. Miradi mingine hukimbilia tafsiri moja safi ya kuweka kwenye bango la watalii.

Kinachookoa jina ni kupewa kazi. Ushahidi uko Fermanagh. Miaka ya 1970 posta ya Ayalandi ya Kaskazini, sehemu iliyobaki chini ya Uingereza, ilitaka anwani za vijijini ziwe jina la barabara na namba ya nyumba. Kaunti nyingine zilikubali, na kizazi kimoja baadaye vijana wengi hawakujua wamezaliwa kitongoji gani. Fermanagh waligoma, na vitongoji vyao vimebaki kwenye bahasha na vinywani. Kusini, yaani katika Jamhuri ya Ayalandi, zaidi ya theluthi moja ya anwani zilikuwa hazimtofautishi mtu na jirani yake: nyumba kumi, kitongoji kimoja, na tarishi aliyemjua kila mtu. Mwaka 2015 ukaja msimbo wa posta wa herufi na tarakimu saba kwa kila nyumba. Ni msimbo mzuri, gari la wagonjwa linafika. Lakini umekichukulia kitongoji kazi yake ya mwisho ya kila siku.

Serikali nayo ikijaribu kulazimisha jina bila kuwauliza wanaolitumia huumbuka. Mji wa Dingle, Kerry, uliamriwa mwaka 2005 uitwe An Daingean peke yake kwenye vibao, kwa kuwa uko katika eneo la wasemaji wa Kiayalandi. Umbo lilikuwa la Kiayalandi, nia ilikuwa safi, na wakazi wakapiga kura kwa wingi mkubwa kulikataa. Watalii walikuwa wanaitafuta Dingle.

Kwa hiyo ningekuwa na sauti kwenye wizara ya kilimo huko, nisingeomba kitabu kingine. Ningeomba jina la shamba liandikwe kando ya namba yake kwenye ramani za ruzuku, kwa mkono wa mkulima mwenyewe, kwa tahajia yoyote anayoitaka. Mamlaka za miji zimeshaonyesha njia bila kelele. Kwa miaka mingi wajenzi waliyapa makazi mapya majina ya kuokotwa popote, yenye miti isiyoota hapo. Sasa halmashauri nyingi huweka sharti kwenye kibali cha ujenzi kwamba jina litokane na historia ya mahali. Mjenzi analalamika kidogo, kisha anampigia simu mtu wa eneo hilo na kuuliza hili shamba alilolinunua lilikuwa linaitwaje, na jina la tanuri lililobomoka linaanza kufika nyumbani kwa watu kila mwezi, juu ya bili ya umeme.